Lita mia moja chini ya bati: kisa cha AdBlue ya Baba mdogo hapa Tabora

Hiki kisa nakiandika chote kuanzia mwanzo kwa sababu magari ya dizeli yanayotaka AdBlue, yale maji ya urea ya kusafisha moshi, yameanza kuonekana hapa Tabora, na mimi kazi yangu ni umeme wa magari, nimeshaletewa matatu ndani ya mwaka mmoja kwa tatizo hilo hilo, ila hili la Baba mdogo ni gari ya nyumbani, nimelifuatilia siku kwa siku, madumu nimeyashika kwa mikono yangu na namba za dashibodi nilikuwa napigiwa simu kuambiwa, sasa nina uhakika na ninachosema.

Baba mdogo anafanya biashara ya asali na nta, anazunguka Sikonge, Urambo, Kaliua, muda mwingine anavuka mpaka Nguruka. Desemba alienda Dar kuchukua gari yake, dizeli ya mwaka 2017 iliyotokea Uingereza. Kule Ulaya tangu Septemba 2015 gari ndogo mpya zote ni lazima ziwe Euro 6, yaani kiwango chao cha moshi safi, na gari nyingi za dizeli zinafikia hicho kiwango kwa kutumia haya maji ya urea. Siku ile ile duka moja likamwambia mzee hii gari inakunywa AdBlue na huko kwenu hutaipata, beba ya kutosha, haiozi hii. Baba akabeba madumu kumi ya lita kumi. Lita mia. Akapata na punguzo kidogo kwa kuchukua mengi, akaona amefanya la maana, na kusema ukweli hata mimi nilivyoyaona yanashushwa nilidhani amewaza mbali.

Madumu yakaingia sitoo ya nyuma ya nyumba. Hiyo sitoo ni matofali na bati tupu juu, haina silingi, ina mlango wa chuma unaoangalia magharibi. Yakakaa humo Desemba mpaka Oktoba.

Hapa nieleze kidogo haya maji yanafanya nini maana bila hilo kisa hakieleweki. AdBlue ni urea asilimia 32.5 na kilichobaki ni maji yaliyoondolewa madini yote, basi, hamna kingine. Hayaingii kwenye injini na hayachanganyiki na dizeli, yana tangi lake na mfuniko wake wa bluu. Nozeli inayarusha kwenye eksozi ikiwa ya moto, joto linaigeuza urea kuwa amonia, amonia inakutana na ule moshi mbaya wa oksidi za nitrojeni ndani ya katalisti, ile mafundi tunaita masega, zinatoka hapo zikiwa nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Sasa kwa sababu sheria ya Ulaya haitaki mtu aendeshe bila haya maji, kompyuta ya gari imepewa meno: yakikaribia kuisha inaanza kukuonya ikiwa zimebaki kama kilomita 2,400, inahesabu kurudi nyuma, na kwenye gari nyingi ikifika sifuri haizimiki barabarani ila ukiizima mwenyewe haiwaki tena mpaka uongeze.

Mwishoni mwa Agosti onyo likatokea. Likaandika 1,500. Baba akaona ni mbali, na kweli ni mbali, akaendelea na asali zake. Kwanza hakuniambia. Wiki zikapita, namba ikawa inashuka, na alichokuja kunieleza baadae ni kwamba haikuwa inashuka sawa na barabara, alienda Sikonge na kurudi, pale ni kama kilomita 70 kwenda na 70 kurudi, gari imejaa ndoo za asali, namba ikapungua 120. Akaona gari inadanganya.

Haikuwa inadanganya. Kwanza ile gari ni ya Uingereza, namba ni maili sio kilomita. Spidi alishazoea kwamba ni maili lakini hii namba ya AdBlue aliichukulia kilomita moja kwa moja, 1,500 yake ndo zile zile kilomita 2,400 za sheria. Safari ya Sikonge kwenda na kurudi ni kama maili 87. Na kwa nini ikapungua 120 badala ya 87, ni kwamba kompyuta inakadiria kutokana na matumizi ya karibuni, ukibeba mzigo injini inafanya kazi zaidi, inaunguza dizeli zaidi, moshi mbaya unaongezeka na maji yanarushwa mengi zaidi. Kwa hiyo namba ile ni makadirio, inaweza kushuka haraka kuliko unavyotembea na unaweza hata kuiona imepanda kidogo ukiendesha taratibu gari ikiwa tupu. Usiifanyie hesabu ya mwisho mwisho.

Nilipigiwa simu Oktoba mwanzoni saa tatu usiku. "Mwanangu, gari inasema mia tatu, na kesho kutwa tuna msiba Kigoma, nitafika kweli?" Nikamwambia Baba hizo ni maili, ni kama kilomita 480, kufika Kigoma unafika maana hazizidi sana mia nne, lakini kurudi hurudi, ukizima gari kule Mwanga au Ujiji ikiwa imesoma sifuri ndo imelala hapo. Si una madumu kumi ndani, ongeza. Akasema ameshaongeza jioni, tena ndo kilichomtisha, ameweka na namba haijagusika.

Alikuwa ameweka lita tatu. Chupa mbili za maji ya kunywa, zile za lita moja na nusu, alizijaza kutoka kwenye dumu akamimina. Hapa pana kitu watu wengi hawakijui: gari nyingi hazitambui nyongeza ndogo, zinataka uweke kama lita nne au tano au zaidi kwa mkupuo ndo kompyuta ikubali kwamba umejaza, halafu nyingine zinataka uwashe swichi usubiri bila kuwasha injini, au utembee kidogo. Nikamwambia aongeze nyingine tatu afu awashe swichi akae dakika moja. Akafanya, ujumbe ukapotea, akafurahi, na mimi nikalala.

Kosa langu lilikuwa hapo. Sikuuliza dumu linanukaje.

Kwenye msiba walienda na basi la ukoo kwa hiyo gari ilibaki, Baba alivyorudi akaitumia siku mbili humu humu mjini na Urambo mara moja. Siku ya pili ikawaka taa ya injini na ujumbe mpya, safari hii sio kwamba maji yamepungua bali maji hayafai, na gari haitawaka baada ya maili 500. Akaja nayo gereji moja kwa moja, amekasirika na yule aliyemuuzia, mi nikamwambia Baba tulia kwanza tukaone hayo madumu.

Ilikuwa saa nane mchana. Ule mlango wa chuma huwezi kushika kwa kiganja, nilifungulia kwa kitambaa. Nikatundika kipimajoto kwenye msumari nikakiacha kama nusu saa, kikasoma 41. Madumu tisa yalikuwa bado yamefungwa na karibu yote yametuna pembeni kama mtu amepuliza ndani. Lile la kumi, lililotumika, mfuniko ulikuwa umekalishwa tu juu haujakazwa, na kuzunguka mdomo kuna ukoko mweupe, unashika kwa kidole unamung'unyika, ungesema chumvi ya Uvinza. Nilivyofungua moja lililofungwa likatoa pumzi, fsss, na harufu ikanipiga machoni kama umeingia zizi la mbuzi lililofungiwa usiku kucha. Hiyo ni amonia. Maana yake urea imeshaanza kuvunjika ndani ya dumu badala ya kusubiri kwenda kuvunjikia kwenye eksozi, na kuvunjika kwake kunatoa amonia na hewa ya kabonidioksaidi, ndo iliyotunisha madumu.

Kuna kiwango cha kimataifa cha haya maji, ISO 22241, na kinasema wazi muda wa kukaa unategemea joto. Kwenye nyuzi 10 kushuka chini yanakaa miezi 36. Isipozidi 25 ni miezi 18. Isipozidi 30, mwaka mmoja. Isipozidi 35, miezi sita. Ikipita 35 hawakupi namba ya kutegemea, wanataka yapimwe kabla ya kutumia. Sasa chukua sitoo ya bati Tabora, mwezi wa tisa na wa kumi, kila mchana inapita 35, afu geuza dumu chini usome tarehe: yale madumu yalitengenezwa miezi sita kabla Baba hajayanunua. Miezi kumi na sita kwa jumla. Yule muuzaji aliyesema haiozi sijui alikuwa anamaanisha nini, labda kwamba haitoi ukungu.

Ushauri mwingi unaoukuta mtandaoni kuhusu kuhifadhi AdBlue ni wa baridi, kwamba inaganda kwenye nyuzi kumi na moja chini ya sifuri, usiache nje kwenye theluji, sijui nini. Wameandikiwa watu wa huko. Sisi adui yetu ni bati.

Hesabu ndo iliniumiza zaidi. Gari kama ile inakunywa kama lita moja kwa kilomita 900 hivi, wengine wanapata elfu, ukibeba mizigo mia saba. Baba anatembea kama kilomita 1,500 kwa mwezi. Hiyo haifiki lita mbili kwa mwezi, tuseme lita 20 kwa mwaka. Alinunua lita mia. Ni mzigo wa miaka mitano wa kitu ambacho kwenye sitoo ile hakina uhakika wa miezi sita. Alikuwa anawaza kama mtu anayeweka dizeli au gunia za mkaa kabla ya mvua, kwamba ukiwa nacho kingi umelala salama, na pesa ya punguzo aliyookoa haikufika hata robo ya alichopoteza.

Sasa kupima. Haya maji hupimwa kwa refraktomita, unadondosha tone kwenye kioo unaangalia kwenye mwanga kama darubini. Mtu mmoja pale gereji akasema si Baba wako ni mtu wa asali, hizo anazo. Kweli anayo, tukaileta, tukadondosha, tukaona bluu tupu, hamna mstari. Ya asali inaanza kusoma sukari 58 kwenda juu kwa sababu asali ni nzito, AdBlue iko chini huko kwenye 31 hivi kwa kipimo hicho hicho, haifiki kabisa. Ilibidi tuagize Dar yenye skeli ya urea, ikaja na basi. Inayofaa inatakiwa isome kati ya 31.8 na 33.2. Lile dumu lililokuwa wazi likasoma 36, maji yamekauka urea ikabaki, ndo maana ya ule ukoko. Yaliyofungwa yakasoma 32 na pointi, yaani kwa kifaa yako sawa, na hapo Baba akataka tuyatumie.

Nilikataa. Refraktomita inakuambia uzito wa mchanganyiko, haikuambii amonia huru ni kiasi gani, na kiwango kinaruhusu amonia isizidi asilimia 0.2. Hatuna maabara ya kupima hiyo, tuna pua, na pua ilishasema. Ningekuwa sina njia ya kupata mengine kabisa labda ningefikiri mara mbili, ila basi la Dar linakuja kila siku, sasa kwa nini nihatarishe nozeli na masega kwa kuokoa dumu.

Kuna ushauri mwingine ulitoka pale gereji na nautaja kwa sababu najua ndo unaozunguka. Wa kwanza, ongeza maji kidogo kwenye lile lililosoma 36 lirudi 32. Maji gani? Ya bomba na ya kisima yana kalsiamu, inaganda kwenye masega haitoki, na kiwango kinaruhusu kalsiamu nusu miligramu tu kwa kilo. Wa pili, nunua mbolea ya urea dukani uchanganye mwenyewe, si urea ni urea. Hapana. Mbolea ya urea inapakwa dawa ya kuzuia isishikane, ina vumbi, ina biureti nyingi, yaani uchafu unaobaki urea ikitengenezwa, haikutengenezwa kwa ajili ya kupita kwenye tundu dogo la nozeli, mtu aliyefanya hivyo utaletewa gari yake baada ya miezi na dawa yake ni kununua masega mapya. Wa tatu, futa mfumo mzima kwa laptopu, gari isiulize tena. Wapo wanaofanya, najua na bei yake. Mimi siufanyi kwa gari nzima, moshi ule tunauvuta sisi na watoto pale pale Isevya, na gari ambayo mfumo wake unafanya kazi kuuondoa ni kuharibu kitu kizima.

Na faneli. Baba alikuwa anamiminia kwa faneli ya bati aliyotengenezewa na mafundi bati sokoni, safi kabisa kwa macho, lakini AdBlue inakula zinki, shaba, alumini, na chuma cha kawaida, inabeba yale madini inaenda kuyalaza kwenye masega. Chombo ni plastiki au chuma cha pua, na kiwe hakijawahi kushika mafuta. Bahati yetu hakutumia ile faneli ya dizeli, maana tone la dizeli kwenye tangi la AdBlue linavimbisha mipira ya ndani na hapo ni kubadilisha tangi na pampu, na kinyume chake, ukimwaga AdBlue kwenye tangi la dizeli, usiwashe hata swichi, ita mtu avute.

Matengenezo yenyewe yalikuwa siku moja na nusu. Tukatoa yaliyokuwemo kwenye tangi, kama lita saba, tukasuuza mara mbili kwa maji yaliyoondolewa madini, tukafungua nozeli, mdomo wake ulikuwa na ukoko mweupe umebakiza tundu dogo. Usikwangue kwa sindano wala brashi ya waya, ule ukoko unayeyuka kwenye maji ya moto, tuliiacha imelala kwenye kikombe cha maji hayo hayo yaliyoondolewa madini, yamepashwa, ndani ya saa moja ikabaki chuma kitupu. Tukaweka dumu jipya la lita kumi, tarehe yake ya miezi miwili nyuma, limesoma 32.5 na halina harufu ya kukera. Hatukujaza mpaka mdomoni, ukijaza sana joto la mchana linayasukuma yanatoka kwenye pumuo na yanaganda pale. Nikafuta kosa kwa mashine, lakini ujumbe haukuondoka hapo hapo, gari ilitaka itembee ijipime yenyewe, Baba akaenda nayo Urambo kama maili 55, ukaondoka akiwa njiani kurudi.

Yale madumu tisa hayakumwagwa mtaroni. Ndani yake ni nitrojeni kama asilimia 15, Mama mdogo anayapunguza kikombe kimoja kwenye ndoo nzima ya maji anamwagia chini ya migomba na mahindi, sio kwenye majani maana yanaunguza.

Swali lililobaki lilikuwa tuweke wapi la akiba, maana bila akiba huku huwezi. Chumbani kwa Baba kuna silingi lakini dirisha linapigwa jua. Kwenye buti ya gari ndo kubaya kuliko sitoo, gari ikiegeshwa juani mle ndani ni jiko. Mama mdogo ndo aliyesema, kwa nini msipeleke kwa Bibi. Bibi yuko Kwihara, upande ule ule wa tembe alilokaa Livingstone ambalo sasa ni makumbusho, na nyumba yake ya zamani bado ina kile chumba cha nyuma cha tembe, kuta za udongo pana kama urefu wa mkono mpaka kiwiko na paa la udongo juu ya miti. Nikaenda na kipimajoto. Saa nane ile ile mchana, mwezi ule ule wa kumi, kikasoma 27, siku hiyo hiyo nikapita sitoo ya Baba nikakuta 40.

Dumu moja la lita kumi liko kule, juu ya mbao mbili lisiguse sakafu, mfuniko umekazwa, Baba ameandika ubavuni kwa makapeni nyekundu tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya kulitoa hata kama halijafunguliwa. Analinunua moja tu kwa wakati. Na kwenye daftari la asali, ukurasa wa nyuma, ameanza kuandika kila akiongeza, lita ngapi na maili ngapi, na wiki iliyopita alikuja nalo gereji kunionyesha, Kigoma ameenda na kurudi na mzigo wa kawaida, na tangu tusafishe tangi imetembea maili 1,140 bila taa yoyote.